Watoto wa Kutumwa

Enzi zetu pale Murangi, mtoto aliyeonekana amekaa bure alikuwa anaomba kutumwa. Hujamaliza hata kufuta makamasi, mama ameshakuita. Anatema mate mchangani na kusema, "Kimbia kwa mama Masatu, urudi kabla haya hayajakauka!" Basi ni mbio, peku, kupita kwenye mawe palipoanikwa udaga wa muhogo, harufu ya samaki furu wa kubanikwa ikituchokoza njaa, huku tukirudia maneno ya mama kwa sauti njia nzima yasije yakatupotea.

Na kutumwa kulikuwa na masharti. Ukimkosa mama Masatu, jirani yetu, pita kwa bibi. Bibi akiwa amelala usimwamshe, nenda dukani. Siku moja mama alikuwa ameshabandika mboga, akanituma nikamuulize mama Masatu kama ana chumvi. Nilikwenda, nikauliza, nikarudi nahema. "Anayo," nikasema. Mama akasubiri. Na mimi nikasubiri.

"Iko wapi sasa?"

"Si umesema nimuulize?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akawa ananipangia safari zangu hatua kwa hatua: uliza, akikupa pokea, shukuru, rudi.

Sasa mimi ni mwalimu wa darasa la pili, Bweri. Shule yetu ilipopata kompyuta chache, mwalimu mkuu alitaka ziwe za madarasa ya juu, akisema wadogo watazichezea tu. Nikamwomba muhula mmoja. Tukakubaliana kwamba watoto wangu wakishindwa kuandika programu ndogo mbele ya wazazi, hawatakanyaga tena chumba kile.

Mwenzangu mmoja alinishauri nitumie michezo ya katuni, mwingine akasema waanze moja kwa moja kuchapa amri. Nilijaribu njia zote mbili. Kwenye katuni walibonyeza ovyo wakicheka, kwenye kuchapa wakasinzia. Hawa ni watoto wanaofungua simu ya baba iliyofungwa, lakini ukimtuma mmoja chaki ofisini anarudi mikono mitupu, amesahau alichofuata. Wataizoea wapi kazi hiyo? Siku hizi mama anapiga simu dukani, bodaboda analeta sukari mpaka mlangoni.

Nikafunga chumba cha kompyuta, nikawatoa uwanjani. Mmoja anakuwa kompyuta, wenzake wanamtuma, na yeye hafanyi asichoambiwa. Walimwambia Nyangeta atembee mbele, wakasahau kumwambia asimame. Alikwenda mpaka akaugusa ukuta kwa pua, akabaki pale akipiga hatua. Wazazi walininung'unikia. "Mwalimu, mtoto ananiambiaga amecheza tu uwanjani. Hiyo kompyuta ataigusaga lini?"

Muhula ulipokaribia kuisha nikawarudisha kwenye kompyuta, wakaziandikia amri zilezile za uwanjani. Siku ya wazazi ikafika. Nyangeta, ambaye miguu yake haikufika chini alipokaa, alitakiwa kuufikisha mtumbwi wa kwenye kioo cha kompyuta ufukweni. Ukagonga jiwe. Mwalimu mkuu akanitazama. Mtoto hakulia wala hakunitafuta kwa macho. Alianza kusoma amri zake kutoka juu, kidole kwenye kioo, midomo ikicheza. "Hapa sijauambia ukikuta jiwe ufanyeje," akasema, akaongeza amri moja. Mtumbwi ukazunguka jiwe, ukafika. Nilijivuna siku ile, jamani! Nilitoka nje kufuta machozi.

Darasa la pili limebaki na kipindi chake cha kompyuta. Kila Ijumaa nawapa kazi ya nyumbani: mtoto atumwe kwa jirani, na mzazi apange maagizo yote kabla mtoto hajatoka. Hapa kwetu nyumba ni mpya, kila mtu na geti lake. Juzi mama yake Nyangeta alinisimamisha njiani. "Mwalimu, yule mama wa geti la pili nilikuwaga simjui hata jina," akasema. "Sasa tunapelekeanaga mboga."

Nilifurahi sana. Ila enzi zetu, kazi hiyo haikuhitaji mwalimu.