Bitiruti Kwenye Meza ya Msimamizi

Asubuhi niliyoanza kazi tulikuwa watano katika jiko la ofisi ya uchaguzi, hapa Johannesburg, nami nitawataja wote kabla sijasema lolote, maana wengine wametangulia mbele ya haki na hakuna atakayewataja. Alikuwapo Mama Béa wa Bukavu, mfagiaji, jirani yangu wa mtaa wa Bellevue. Nyumba yetu ilikuwa imegawanywa vyumba kwa mbao, akikohoa yeye mimi nasema pole. Ndiye aliyenitafutia kazi. Alikuwapo Bwana Dirk, meneja wa kampuni ya usafi na chai iliyotuajiri sisi wawili. Alikuwapo Bi Nomsa, karani wa mapokezi. Na alikuwapo Bwana Vusi Hlatini, wakati ule naibu wa Msimamizi Mkuu wa Uchaguzi, binamu yake Bi Nomsa kwa upande wa mama, ingawa wote wawili hawakupenda jambo hilo lisemwe. Wa tano ni mimi, Mwanaidi binti Salehe wa Tanga, ninayeitwa Mama Hawa. Shule niliishia darasa la nne. Majina ya watu ndiyo masomo yangu.

Nilikuwa nimejifunga kanga mpya, ya kuanzia kazi. Rangi yake sitaitaja, kwa kuwa chama chenyewe kipo bado.

"Shikamoo, mama," akasema Bwana Vusi.

Birika nusura liniponyoke. Mzulu mzima, suti na tai, ananiamkia kama mtoto wa kwetu Chumbageni! Kumbe alikulia Morogoro, wazazi wake walipokuwa wakimbizi kwetu enzi za dhiki za nchi hii.

"Marahaba, baba."

"Kanga yako nzuri. Lakini ivue."

Mama Béa akauweka ufagio chini. "Aivue? Mbele ya watu?"

Bwana Vusi akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza, na hilo ndilo somo langu la kwanza la kazi ile. "Mama, hiyo ni rangi ya chama. Watu wa chama kingine wakikuona, watasema hata chai ya ofisi hii ina upande."

Kesho yake nikaja na kaniki. Ninyi vijana hamuijui: ni kitambaa cheusi, hakina ua wala jina, mama zetu walikivaa shambani na jikoni. Nchi hii ina vyama vingi, lakini sijaona chama cha kaniki. Tangu siku hiyo hadi kustaafu sikuvaa kingine kazini, na wakati wa baridi niliifunga juu ya sweta.

Kazi ya uchaguzi, kwa asiyeijua, si ya siku moja ile ya kupanga foleni. Iko kazi kubwa ya kujumlisha, yaani kukusanya hesabu za kila kituo mahali pamoja. Hapo kila chama hutuma wakala, mtu wa kukaa na kutazama asiibiwe. Wakala asiporidhika huweka pingamizi: anainua mkono, anasema sikubali, na kazi inasimama mpaka asikilizwe. Sanduku la kura hufungwa kwa lakiri, kile kifungo cha plastiki chenye namba, nacho kikikatika bila sababu sanduku zima lina kesi. Haya yote niliyajua kwa masikio, nikipita na trei.

Nami nikawekewa pingamizi langu. Nilizoea kuanza kugawa chai upande wa mlangoni, kwa sababu ndiko nilikoingilia. Wakala mmoja mnene, Bwana Majola, aliyekaa dirishani, akainua mkono. "Pingamizi! Wa mlangoni wanakunywa ya moto, sisi tunaletewa ya vuguvugu!" Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka, na wallahi waliliandika.

Bwana Vusi akanifuata jikoni. "Mama Hawa, kwenu Tanga kura ni nini?"

"Ni kule kuchagua viongozi."

"Na kabla hamjaanza kuchagua viongozi?"

Nikafikiri. "Ni vijiti. Utotoni tulichomoa vijiti, mwenye kirefu anaanza."

"Basi na chai ipigiwe kura."

Tangu hapo nikawa natembeza vijiti vya kukorogea kabla ya kumimina, na wazee wazima wenye vitambi walichomoa huku wakiomba Mungu. Bwana Majola aliposhinda mara ya kwanza alibusu kijiti.

Msimamizi Mkuu wa zamani alipoondoka, Bwana Vusi akapandishwa kushika nafasi yake, nami nikahamishwa kutoka jiko la chini kwenda ghorofa yake. Huko nilimjua vizuri. Alikunywa chai bila sukari, akivirudisha vikombe jikoni mwenyewe. Nyumbani kwake Kensington hakuweka bango la yeyote dirishani. Siku moja Bwana Dirk alipata amri kutoka kwa wakubwa wake kwamba kazi za jikoni wapewe wenyeji, sisi wageni tupishe. Nikafunga virago. Bwana Vusi hakugombana na mtu. Alikataa tu chai ya mwingine yeyote, akaingia jikoni akajipikia, akaunguza birika, akaendelea kujipikia kwenye birika lile lile lililoungua, hata mbele ya wageni wakubwa, mpaka kampuni ikaona haya ikaniita nirudi. Sijamsahau kwa hilo. Kwetu asiyejua fadhila huitwa punda.

Sasa niwaambie habari ya bitiruti. Ilikuwa siku ya kujumlisha, chakula cha mchana kimepangwa: kuku, wali, kabeji, na bitiruti, vile viazi vyekundu vinavyotia rangi kila vinachogusa, maana huku hakuna shughuli bila bitiruti. Wakati ule kilikuwa kimezuka chama kidogo, na fulana zao zilikuwa rangi hiyo hiyo. Bwana Majola akaitazama bakuli kama aliyeona nyoka.

"Hii nini? Rangi ya wale!"

Wakala wa chama kile akamwambia, "Kula tu, baba, utazoea."

Vicheko, kelele, vijiko vinapigwa mezani. Bwana Vusi akashuka kutoka juu. Hakucheka hata kidogo. "Toa bitiruti," akaniambia. "Zote."

Tuliziondoa bakuli moja moja. Mama Béa akazibeba nyumbani, na watoto wa Bellevue walizunguka midomo yao ikiwa na chama. Lakini mimi nilishangaa, nikamuuliza tukiwa wawili. "Mkuu, kwa bitiruti tu?"

Akanijibu maneno ninayoyajua kama jina langu. "Mama Hawa, siku watu wakijua moyo wangu uko wapi, hesabu zangu zote za nyuma zitageuka uongo. Hata zile za kweli."

Alistaafu yeye, nami nikafuata magoti yalipokataa ngazi. Nikawa bibi wa nyumbani, namlea mjukuu wangu Zuhura, binti wa mwanangu Hawa, aliyezaliwa hapa hapa na anayenijibu Kiswahili changu kwa Kiingereza. Kila tabia njema niliyomfundisha niliitolea mfano wa Bwana Vusi.

Basi siku moja niko kwenye spaza, kiduka cha Msomali, pale karibu na robot, yaani taa za barabarani, nanunua mkate. Juu ya kaunta kuna televisheni. Nikainua macho nikamwona Bwana Vusi. Amevaa fulana ya rangi ya bitiruti. Nyuma yake watu wanaruka, wamevaa fulana hizo hizo, na kwenye vifua vyao ipo sura yake. Mgombea! Chama kile kidogo kilikuwa kimekua, na sasa yeye ndiye mgombea wao wa kata yetu.

Mkate niliuacha kwenye kaunta. Miguu ilinipeleka nyumbani yenyewe. Pale kwa kinyozi, vijana wa Kitanzania wanaonijua wakanidaka. "Bibi! Kumbe mlikuwa mnatupikia matokeo!" "Chai ile ilikuwa ya bitiruti, bibi, sema kweli!" Walikuwa wanatania. Lakini mmoja, Shabani, hakutania. Akasema polepole, "Sasa ile mara chama chake kilipopata viti kwa mara ya kwanza, nani alitangaza? Si yeye?"

Ni yeye. Nilikuwapo. Na nilijua kwamba hakuiba hata punje. Lakini maneno yake mwenyewe yalikuwa yametimia: hesabu za kweli zilikuwa zinageuka uongo mbele ya macho yangu, na aliyezigeuza ni yeye.

Nafika nyumbani, Zuhura anapiga pasi. Nguo gani? Fulana ya bitiruti.

"Na wewe?"

"Eish, Bibi. Mimi ni wa vijana wake hapa Bellevue. Si wewe umenilea kwa sifa zake?"

Nikakaa kitandani.

Jumamosi akaja mwenyewe, peke yake, amebeba kitambaa cha rangi ya bitiruti kilichokunjwa. Akaniamkia vile vile, "Shikamoo, Mama Hawa," na moyo wangu ukalainika vile vile. Nikampa chai bila sukari.

"Watu wanasema nilikuwa wao tangu zamani," akasema. "Wewe unajua ukweli. Kesho kuna mkutano ukumbini mtaa wa Observatory, Waswahili wote wenye kura watakuwapo. Kaa nami jukwaani, useme ulichokiona. Basi."

"Nitasema. Na kitambaa hicho?"

"Cha kuvaa. Picha zitapendeza."

"Mkuu, si ulisema siku watu wakijua moyo wako..."

"Nilisema nikiwa kazini." Akaizungusha chai kikombeni, ingawa haikuwa na sukari ya kukoroga. "Nimestaafu, Mama Hawa. Mstaafu hana moyo? Miaka yote nimewahesabia wengine wanachokipenda. Mimi nisipende?"

Ana haki, sheria inamruhusu, na si mtu mbaya. Ila kila nilipokiangalia kitambaa kile nilimwona Shabani amesimama pale kwa kinyozi. Nikikivaa, ushahidi wangu utakuwa wa chama. Nikikataa kwenda, nimekuwa punda mwenye mateke, baada ya lile birika lililoungua. Na zile hesabu tulizozilinda mpaka kwa kuondoa bakuli mezani, mimi na Mama Béa na yeye, nani atazisemea?

Alipoondoka, kitambaa alikiacha, na kikombe chake sikukiosha. Sijui kwa nini. Mikono ilikataa. Zuhura ndiye aliyekiosha.

Jumapili nilijifunga kaniki. Zuhura akanitazama kwa uchungu. "Bibi, please. Hata begani tu." Nikamwambia, "Twende, mwanangu."

Ukumbi ulijaa: Wakongo, Watanzania, Warundi, na watoto wao waliozaliwa huku. Safu ya mbele alikaa Bi Nomsa, mzee kama mimi sasa. Ukumbi mzima rangi moja, na mimi mweusi katikati kama jiwe kwenye mchele. Bwana Vusi aliiona kaniki. Akaniita jukwaani, akanipa kipaza sauti. Angeweza kuninyima.

Nikasema, "Mimi Mama Hawa nilikuwa napika chai kwa Msimamizi Mkuu wa Uchaguzi. Wapo wanaosema alikuwa wa bitiruti tangu zamani. Mtu huyu aliniondolesha bitiruti mezani, chakula cha watu, ili asionekane na upande. Vikombe vya Msimamizi niliviosha mimi. Vilikuwa safi. Anayesema hesabu zile ni za wizi aje aniambie mimi."

Wakapiga makofi, vigelegele vikapanda. Zuhura anafuta machozi. Hapo ndipo ningeshuka. Wallahi nilikuwa nimeshageuka kushuka. Mdomo wangu ukanishtua mimi kabla ya wengine.

"Lakini huyu wa leo ni mgombea. Kikombe chake sijakiosha. Mkimpa kura, mpeni kwa atakalowafanyia kesho. Msimpe kwa usafi wa jana. Ule si wa chama. Ule ni wetu sote."

Mtoto mmoja alilia akanyamazishwa. Kisha mtu wa nyuma akacheka, mwingine akazomea, sijui alinizomea mimi au yeye. Bwana Vusi alikuja kunipokea kipaza sauti, akainama karibu na sikio langu, akasema neno moja.

Katika uchaguzi ule hakupata kiti. Wapo wanaosema ni mimi niliyemwangusha, lakini ukumbi mmoja hauangushi mtu. Mawakala wake walitaka kuweka pingamizi, akawakataza. Nilipolisikia hilo nikasema moyoni, huyo ndiye Mkuu wangu. Zuhura alininunia muda mrefu, kisha akaanza tena kunisalimia, na fulana yake ipo kabatini hadi leo, imekunjwa vizuri. Mimi simlaumu. Kijana lazima apende mahali. Ninachowaambia ninyi mnaoingia kazi hizi za kuwahesabia watu ni kwamba siku mnayostaafu mnaiacha ofisi, ila hesabu mlizotangaza zinabaki na majina yenu, na watu wataendelea kuziangalia kupitia nguo mtakayovaa kesho.

Majina yote niliyoyataja nayakumbuka, na nyuso zake. Neno lile moja tu ndilo linalonisumbua. Mimi nilisikia, "Umenivua, Mama Hawa." Zuhura, aliyekuwa karibu na ngazi za jukwaa, anaapa kwamba alisema, "Umenivusha." Kiswahili chake si cha kutegemea, na masikio yangu si yale ya zamani. Kwa hiyo Bi Nomsa, kama ungali hai na kuna wa kukusomea haya, na ninyi wengine mliokaa safu ya mbele, kama nimekosea mahali popote nisahihisheni, lakini hapo kwanza. Nataka kujua kama nilimvua au nilimvusha.