Ukurasa wa Uzi

Ukipita kwenye duka la keki la Tabby, karibu na soko la Nakuru, utamkuta Edinah Makokha ameinama juu ya keki ya mtu, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, anaandika. Huo ndio uso wake wa kazi. Mwite, hatakusikia. Mguse bega, atakukemea kwanza ndipo aangalie ni nani, kwa sababu krimu ikishatoka kwenye kifuko hairudi, na jina la mtoto wa watu likienda mrama, mama yake hataki kusikia habari za bega. Ameandika hongera za kila aina. Kuna bwana mmoja kutoka mtaa wa Bahati aliyemwandikisha "Nisamehe Mama Kevo" kwa herufi kubwa, akaondoka na keki yake mbio mbio, na hadi leo Edinah hujiuliza kama yule bwana alifunguliwa mlango.

Watu wa nyumba za reli, alikozaliwa, husema mkono huo ni wa babu yake, mzee aliyetoka Bungoma zamani kuja kuandika namba kwenye mabehewa. Haya, babu apewe haki yake. Lakini namba za mabehewa hazina maua, na mkono wa Edinah umejaa maua. Hayo aliyapata kwenye otografu.

Kwa aliyesoma shule ya wavulana, na kwa hiyo hakufundishwa mambo ya maana, otografu ni daftari la jalada gumu ambalo msichana hulivika karatasi ya zawadi, akalipaka glita, akalinyunyizia manukato mpaka likanukia kama harusi, kisha akawapa marafiki zake mmoja mmoja wamwandikie beti na kumchorea picha. Katika shule ya bweni aliyosoma Edinah, kule juu Dundori, ambako ukungu huingia darasani bila kubisha hodi, msichana asiye na otografu alionekana kama mtu asiye na kwao. Na Edinah alikuwa fundi wao. Umpe dakika chache na kalamu zako za rangi, atakurudishia waridi lenye umande, njiwa wawili, na ubeti wake ule ule aliowapa nusu ya bweni:

Ua zuri lina mwiba, nyuki naye ana sumu,
Kukusahau rafiki, kwangu mimi ni vigumu.

Wasichana walilia. Walilia kweli kweli, huku wakijua mwenzao wa kitanda cha pili amepewa waridi hilo hilo na njiwa hao hao.

Otografu zilikuwa na sheria zake. Hakuna aliyejua zilitungwa na nani, ila zilishikwa kuliko za mwalimu mkuu. Otografu haidaiwi: ukishampa mtu, unangoja airudishe mwenyewe, kwa mkono wake, na haitumwi kwa mtu mwingine. Na pale katikati, ambapo daftari limeshonwa na uzi unaonekana, kurasa mbili zinazotazamana ziliitwa ukurasa wa uzi. Hapo haandiki yeyote ila rafiki mmoja tu, yule wa moyoni. Mtu akikupa ukurasa wake wa uzi nawe ukaurudisha mtupu, umemwambia mimi na wewe basi. Kuna urafiki uliokufa hivyo, na wahusika wakavutana nywele kwenye foleni ya chai.

Wiki ya mwisho ya kidato cha nne, Kuluthum alimpa Edinah ukurasa wake wa uzi.

Huyu Kuluthum alikuwa msichana wa Bondeni, wa familia ambayo wazee wake walitoka pwani zamani, na ambayo hadi leo ikipika wali mtaa mzima hujua. Kitanda chake kilikuwa ubavuni mwa cha Edinah. Alikuwa mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na hakujua kuficha neno: akikuona umevaa vibaya atakwambia, akikupenda atakwambia. Edinah ni kinyume chake kabisa. Yeye maneno yake hutokea mkononi, na hata huko hutokea yale ya wengine.

Basi Edinah aliipokea otografu kwa mikono miwili, akaahidi kumpelekea kwao Bondeni Jumamosi, shule ikishafungwa. Nyumbani akakaa mezani, akanoa penseli, akafungua pale kwenye uzi. Akafikiria waridi, akakumbuka kwamba Cheptanui wa bwenini analo. Njiwa? Jepkosgei anao. Ubeti wa nyuki? Huo hata mpishi wa shule alikuwa ameandikiwa, tena kwenye aproni. Kila kizuri alichokijua alikuwa ameshakigawa kwa watu ambao wala hawakumkaa moyoni, na sasa amefika kwa mwenyewe, hana kitu. Angeandika chochote Kuluthum angefurahi. Hilo mtu yeyote analiona. Edinah hakuliona. Alitaka kitu ambacho hajawahi kumpa mtu, na kadiri alivyokitaka ndivyo kilivyomkimbia.

Jumamosi ikapita, na nyingine, na nyingine. Kuirudisha tupu hakuweza, unajua kwa nini. Kumwambia Kuluthum ukweli akaona aibu, fundi mzima kushindwa na karatasi. Akaanza kumkwepa, na hapo ndipo alipojiharibia kabisa. Akimwona upande huu wa barabara anakula kona upande ule. Siku moja karibu na stendi alimwona Kuluthum anakuja mbele yake, tayari anatabasamu, naye akaingia mbio kwenye duka la mbegu, akasimama humo akiulizia bei ya mbegu za kabeji, mtu asiye na shamba hata la kopo.

Kuluthum hakuuliza. Angeulizaje, na otografu haidaiwi? Alinyamaza, akaacha kutabasamu, na baadaye akaacha hata kutazama. Miaka ikaenda hivyo, watu wawili wa mji mmoja. Otografu ikakaa chini ya godoro la Edinah, na kila alipohama chumba, ilikuwa ya kwanza kufungwa.

Mwaka huu, Jumatatu moja asubuhi, msichana mrefu wa mtandio wa kijani aliingia dukani kwa Tabby. Edinah alimtazama mara mbili. Alikuwa Najwa, mdogo wake Kuluthum, ambaye Edinah alimwona mwisho akiwa mtoto wa kung'oka meno.

"Sasa, Edinah."

"Poa. Ni wewe, Najwa? Kwani huko Bondeni mnawekewa mbolea?"

Najwa alicheka, kisha akaacha. "Nimekuja kuoda keki. Ni ya Kulu. Anaolewa."

Krimu ikaruka kutoka kwenye kifuko, ikatua mahali isipotakiwa kwenye keki ya mtoto wa mtu. Edinah hata hakuifuta.

"Anaolewa na nani?"

"Na Zayed. Jamaa anafanya kazi Doha. Wiki ijayo wanaenda, na ni kuhamia kabisa. Hina ni Alhamisi mchana, kwetu. Uandike jina tu."

"Yeye ndio amekutuma kwangu?"

Najwa alichezea ncha ya mtandio. "Alisema niende kwingine. Lakini huko kwingine wanaandika kama daktari." Akainua macho. "Edinah, wacha nikuambie ukweli, na usikasirike. Kulu anajua ulimdharau. Anasema uliandikia kila mtu, mpaka yule Cheptanui mwenye alikuwa anamuibia mafuta ya kujipaka, lakini yeye hukumwandikia hata hello. Hiyo siku ulimuona ukaingia kwa duka ya mbegu, alirudi nyumbani akalia. Nilikuwa mdogo, lakini nilimuona."

Edinah aliweka kifuko cha krimu mezani. Miaka yote hiyo alikuwa amedhani anayeumia ni yeye peke yake.

Najwa alipoondoka, Tabby, mwenye duka, ambaye hujitia kuhesabu mayai lakini masikio yake hayahesabu mayai, alitoka nyuma akaitaka habari yote. Akaipata, kwa sababu Edinah maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Si uandike tu kitu, mami? Kitu yoyote," akasema Tabby.

"Kulu si mtu wa kitu yoyote, madam."

"Basi mpelekee hivyo tupu, umuambie kwa mdomo. Akitaka kukutusi akutusi akiwa Nakuru. Kutusiwa kutoka Doha utakuwa unasikia network inakata tu."

Jumatatu hiyo jioni Edinah alijaribu tena, na Jumanne, na Jumatano. Alichora waridi kwenye karatasi ya pembeni, akalitazama, akaona ni uongo wenye umande. Alhamisi aliandika jina la Kuluthum kwenye keki kwa herufi za kuvuta, akapiga moyo konde, akaitia otografu kwenye mfuko na kubeba keki mwenyewe hadi Bondeni. Njiani alikuwa akitunga hotuba.

Mama yake Kuluthum alimpokea mlangoni, akaichukua keki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea wewe! Ingia, ingia, viatu acha hapo."

Ndani kulijaa wanawake, sahani za kaimati na harufu ya udi. Katikati, juu ya godoro lililotandikwa shuka jipya, Kuluthum alikuwa amekaa amenyoosha miguu na mikono, hina mbichi imempanda mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amenenepa kidogo, na uzuri ulikuwa umemkalia. Alimwona Edinah, na uso wake ukafungwa kama duka siku ya sikukuu.

Edinah alipiga magoti kando ya godoro. Hotuba aliyoitunga njiani yote ikayeyuka.

"Kulu. Nimekuletea otografu yako."

"Otografu gani?" Kuluthum alijitia hamnazo.

"Yako."

Wanawake wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, kama wanavyonyamaza wakinusa jambo. Kuluthum aliitazama ile karatasi ya zawadi iliyochujuka rangi. Hakuwa na mkono wa kuipokea wala wa kuisukuma.

"Fungua," akasema. "Mimi siwezi, si unaona."

Edinah akafungua. Zikapita kurasa za wasichana wa bweni, midomo ya rangi iliyobusu karatasi, mioyo iliyochomwa mishale, na shangazi mmoja akacheka. Kisha ukafika uzi. Pande zote mbili palikuwa peupe.

Kuluthum alipatazama. Aliposema, sauti ilikuwa chini.

"Kumbe ndio umekuja kuniambia. Miaka yote hii, na umengoja siku ya hina yangu ndio uniambie basi."

"Si basi! Wallahi, Kulu, si basi!" akalia Edinah, mtoto wa kwaya ya kanisa, akiapa kiapo cha wenyewe, na hakuna aliyemcheka. "Nilishindwa. Kila nikishika kalamu ilikuwa inatoka ile ya Cheptanui. Sikutaka nikupatie kitu nimepatia watu wote. Na nikiirudisha tupu ungedhani sikupendi. Nikajificha. Hiyo siku ya duka ya mbegu nilijificha. Nimekumiss mpaka nikawa mgonjwa."

Kuluthum akamkodolea macho.

"Wewe ni mjinga."

"Najua."

"Hujui! Ungejua hungefanya hivyo. Mimi nilikuwa nataka nyuki na mwiba kama watu wengine! Nilikuwa nimekuachia mpaka nafasi ya njiwa! Nilikuwa nalala nikijiuliza, nimemkosea Edinah nini? Hata Cheptanui ana njiwa!"

Kwa mara moja maishani mwake Edinah hakutafuta neno zuri. Aliinamisha kichwa tu.

"Najwa, mletee kalamu," akasema Kuluthum. "Andika sasa, nikikuangalia. Na nyuki usiniletee, siku hizi sitaki tena."

Kalamu ililetwa, ile ya kawaida ya bluu, imetafunwa nyuma. Edinah aliinama, ulimi ukatokeza pembeni mwa mdomo. Hakuweka mistari wala pambo. Aliandika kama mtu anayekimbizwa, na chini yake akachora haraka miguu miwili imetokeza nje ya blanketi, vidole vimekaa kama viazi vilivyotoka shambani sasa hivi. Kisha akainua daftari mbele ya uso wa Kuluthum, akalishikilia hapo asome.

"Kulu, nilipopata homa ulinivisha soksi zako. Asubuhi niliona miguu yako imepasuka kwa baridi nikajifanya sijaona. Nilijua nikisema asante nitalia. Asante."

Kuluthum alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Haina vina," akasema.

"Haina."

"Na miguu yangu si mibaya hivyo."

"Ni mibaya, Kulu."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na cha Kuluthum kikasikika juu ya vyote, kile kile kikubwa kuliko mwili. Katikati ya kicheko machozi yakamshuka, yakafika kidevuni, naye mikono ameinyoosha hewani, hina bado mbichi.

"Si unipanguse, wewe!" akafoka. "Kwani niko na mikono?"

Edinah akavuta mkono wa sweta lake, akampangusa shavu moja, kisha la pili. Yakaja mengine, akayapangusa na hayo. Aliyepaka hina alisema itachukua muda mrefu kukauka, na asiguse kitu. Edinah akasogea akakaa pale pale kando yake, akawa anampangusa.