Picha za Nyonga ya Mama Faida

Mama Faida, mkulima wa mpunga huko Wamaza, aliwekewa nyonga ya chuma miaka kumi iliyopita. Tangu hapo, kila baada ya miaka miwili hupanda pikipiki hadi hospitali ya Kasongo kupigwa picha ya eksirei, ingawa hasikii maumivu.

“Wifi, unamsumbua daktari bure,” Sonia, dada ya mumewe, alimcheka mwaka huu. “Mwenye afya hutafuta ugonjwa?”

“Wifi yangu, chuma hakina kinywa,” alijibu, akizifunga picha zake zote za zamani ndani ya kitenge. Kwetu picha hukabidhiwa mgonjwa, na yeye hajapoteza hata moja.

Huko Kasongo, baada ya kumpiga picha mpya, Daktari Djafari alizipanga zote dirishani. Picha mpya peke yake ingeonekana nzuri. Kando ya zile za zamani, ilionyesha mfupa umeanza kulika kuzunguka chuma.

“Mama, ungengoja maumivu, ungevunjika shambani,” alisema. “Sasa tunaweza kutengeneza, mfupa ungali na nguvu.”

Wengi wangelia. Mama Faida aliuliza tu kama operesheni itatangulia mavuno. Daktari alikubali kwa kichwa.

“Basi nipangie siku. Mpunga wa mwaka huu watavuna wengine. Wa mwaka ujao nitavuna mwenyewe.”