Fundo Alilolifunga Speciosa

Ukipita Kigwena, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, siku za kukamua mawese, utamsikia Speciosa kabla hujamwona. Anausukuma mti wa mtambo upande mmoja, mdogo wake Boaz anausukuma upande wa pili, wanazunguka na kuzunguka, na mdomo wa Speciosa haupumziki. Ataanza na bei ya sabuni, aingie kwenye mbuzi wa jirani, amalizie na ndoto aliyoiota. Boaz hajibu. Wapita njia hucheka: maskini mwanamume wa watu, hapewi hata nafasi ya kutia neno. Na wacheke tu, kucheka hakuna kodi. Hawajui kwamba madaktari wa Bujumbura walimkata uvimbe wa kooni na sauti ikaondoka nao. Wala hawajui kwamba kwa miaka mingi kabla ya hapo, kwenye mtambo huohuo, ndugu hawa hawakuwa na la kuambiana.

Si kwamba walikuwa wamegombana. Afadhali wangegombana. "Chikichi zimeiva?" "Zimeiva." "Lete ndoo." "Hiyo hapo." Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya watu waliotoka tumbo moja. Walikuwa wakila pamoja sikukuu, wakiuguzana, wakizikiana. Mama yao alipokufa, walimwosha na kumlaza kaburini bega kwa bega, kisha kila mmoja akarudi nyumbani kwake na kimya chake.

Kimya hicho kilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Eliana.

Vita vilipozuka mwaka wa tisini na tatu, Speciosa alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, Boaz alikuwa na kumi na miwili, na Eliana, kitinda mimba, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Baba alikuwa ameshauawa. Mama alikuwa amelala ndani ya msitu wa Kigwena na jeraha la mguu, hawezi kusimama. Akamtuma Speciosa awapeleke wadogo zake ufukweni, kwenye mitumbwi iliyokuwa ikivusha watu kwenda Tanzania, kisha arudi amuuguze.

Jioni hiyo mtumbwi ulikuwa umebakiza nafasi ya mtu mmoja. Mwenye mtumbwi akasema mtoto wa mgongoni hahesabiwi. Speciosa akampandisha Eliana mgongoni kwa Boaz, akamfunga kwa kitenge cha mama, akakaza fundo kifuani, akatia la pili juu yake. Kisha akampa Boaz amri kama alivyozoea kumpa amri zote za nyumbani. Halafu akageuka akakimbia msituni, kwa sababu angebaki kutazama asingeweza kuondoka.

Boaz alirudi baada ya kambi ya wakimbizi huko Tanzania kufungwa, mtu mzima, ana ndevu na Kiswahili cha kambini. Aliposhuka kwenye lori, mama alimkumbatia, akamgeuza taratibu, akamtazama mgongo. Halafu akasema kwamba ndani ya nyumba yake hakuna atakayeuliza, na jina la mtoto halitatajwa mbele yake mpaka afe. Wakamtii. Mama alipokufa, walikuwa wameshaizoea ile amri kiasi kwamba hawakujua tena namna ya kuivunja.

Lakini Speciosa alikuwa na jibu lake, alilopewa na maneno ya watu. Enzi zile ilisemwa kwamba katika mitumbwi, mtoto akilia gizani au karibu na maadui, hutupwa majini ili wengine wapone. Hakujua nani alishuhudia, ila aliamini. Kila alipomtazama mdogo wake akinawa mikono, alijiuliza kama ni mikono hiyohiyo. Hayo ndiyo aliyolala nayo na kuamka nayo, na huku anamwita "mdogo wangu" mbele ya watu.

Kisha sauti ya Boaz ikaanza kukwaruza, na koo likavimba. Hospitali ikampa tarehe ya kupasuliwa. Daktari hakumficha kitu: atapona akipona, lakini kusema hatasema tena.

Hapo Speciosa akaona saa yake imefika. Ama aulize sasa, ama afe na maneno ya watu. Na kwa vile alimjua Boaz kwamba akiguswa huinuka akaondoka, alingoja siku ya kukamua. Chikichi zilizochemshwa zikishamiminwa mtamboni, hakuna kuacha. Zikipoa, mafuta yanagoma ndani ya makapi na kazi yote imeharibika. Mtu aliyeshika mti wa mtambo hana pa kukimbilia. Ulikuwa ujanja, tena ujanja mbaya, na Speciosa alijua hivyo.

Walikuwa wamezunguka kidogo, mafuta mekundu yameanza kuchuruzika, alipouliza:

"Boaz, Eliana ulimutupa kwenye maji?"

Boaz hakusimama. Alizunguka mzunguko mzima ameinamisha kichwa.

"Hilo ndilo ulilonifikiria?"

"Ndilo."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote. Sasa niambie. Kama ulimutupa, ilikuwa vita, sitakuhukumu. Lakini niambie kwa mudomo wako kama ungali nao."

Boaz akacheka, kicheko kikavu kilichomuumiza koo mpaka akashika shingo. Akasema, "Dada, niache. Nifikirie hivyohivyo. Nimezoea macho yako."

"Hujazoea kitu. Sema."

"Ukishajua, huwezi kurudisha."

"Sema, Boaz."

Akasema. Alisema kwa ile sauti iliyobaki, pole pole, na mti wa mtambo haukusimama. Kwamba kulipokucha, mwenye mtumbwi aliwalaza wote chini akawafunika turubai, ili wanaotazama kutoka nchi kavu wadhani ni mizigo. Kwamba walikuwa wamebanana, na jua likaanza kuchoma lile turubai. Kwamba kulikuwa na mama mmoja mnene aliyemwegemea Eliana, naye hakuwa na pa kusogea. Eliana alilia kidogo, akamkwaruza shingoni, akanyamaza. Watu wakamwambia, wewe kijana, mfungue huyo mtoto apate hewa.

"Ukawaambia nini?" Speciosa aliuliza.

"Nikawaambia dada amesema tusifungue mpaka tufike."

Mti ukazunguka.

"Mama mmoja akajaribu kulilegeza fundo. Nikamuuma mkono. Nilidhani Eliana amelala. Tuliposhuka ng'ambo fundo lilikataa, lilikuwa limelowa jasho, wakalikata kwa kisu. Wakamzika palepale juu ya mchanga, ndani ya kitenge cha mama. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza nitakwambia nini."

Speciosa aliuachia mti. Boaz akaendelea kuusukuma peke yake, ameuegemea kwa kifua.

"Kwa nini ulinisikiliza?" Aliuliza kwa hasira, hasira ya kweli, kama anamgombeza mtoto aliyevunja chungu. "Mupumbafu wewe, kwa nini ulinisikiliza?"

"Nilikuwa nakusikiliza siku zote."

Speciosa akaenda nyuma ya michikichi akatapika. Alipomaliza alibaki ameinama, akiitazama mikono yake kama alivyozoea kuitazama ya Boaz. Alitamani arudi kuamini kwamba Boaz ndiye muuaji. Ilikuwa rahisi zaidi. Akaelewa pia jambo lililomuuma kuliko yote: mdogo wake alikuwa amekubali kudhaniwa mbaya miaka yote hiyo ili yeye asijue. Alikuwa amebebeshwa mzigo tangu ufukweni na hajaushusha.

Nyuma yake akamsikia akiita kwa shida, "Dada. Zinapoa."

Akarudi, akashika mti. Wakakamua mpaka tone la mwisho. Mafuta ya siku hiyo hayakuwa mazuri.

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo mambo yalitengemaa. Speciosa hakula vizuri kwa siku nyingi. Alimkwepa Boaz, na Boaz alimwacha amkwepe. Lakini siku zilikuwa zinakwisha, na mwisho alikwenda kwake akaketi mlangoni, akasema, "Nisimulie vingine. Alivyokuwa kabla ya turubai." Boaz akamsimulia kwamba Eliana aliona samaki akiruka akacheka, na kwamba alionyesha mtumbwi wa nyuma akauliza, "Speci?" Yeye akamjibu ndiyo. Kila jioni Speciosa alirudi, na Boaz akasema mpaka koo likavuja damu, kwa maana wote wawili walijua hakuna jioni za kutosha.

Asubuhi ya kwenda Bujumbura kulikuwa na upepo wa ziwani. Gari lilikuwa linangoja barabarani. Boaz alikuwa na kitambaa cha kufunika ule uvimbe, akajaribu kujifunga shingoni, akashindwa, akampa dada yake.

Speciosa akakishika kile kitambaa. Akakizungusha shingoni kwa mdogo wake, akashika ncha mbili, na vidole vikakataa kufunga.

"Funga, dada," alisema Boaz. "Upepo huu."

Akafunga, fundo moja tu.

"Kikikubana," alimwambia, "fungua. Usiningoje mimi niseme. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Boaz, na hilo ndilo neno la mwisho alilomsikia akilisema.