Wachumi Walikuja na Vikapu

Haya, kwa kuwa mmeshasikia vipande vipande huko Ngara mjini na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, acha niseme mwenyewe: ni kweli, wale kina mama waliokuja na vikapu kwenye mkutano wa wachumi ni mimi niliyewaita, na ni kweli shangazi yangu alisimama mbele ya wageni, na ni kweli nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila ardhi ya kwetu Murukulazo wakati wa kiangazi haipasuki kwa kubembelezwa. Chekeni kwanza mmalize, maana mwisho wake hauchekeshi.

Mimi nafundisha somo la uchumi sekondari. Shahada ninayo, niliisomea mbali, na tangu nirudi nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao leo naukiri: mtu akiniita "mwalimu" nilijisikia nimepunjwa, nilitaka niitwe mchumi. (Mke wangu aliwahi kuniuliza ni mchumi gani anayeazima kiberiti kwa jirani kila jioni, nikamjibu kwamba huo ni uchumi mdogo, mimi nimesomea ule mkubwa.) Mtu pekee niliyemruhusu aniite atakavyo ni Shangazi Koleta, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu nina miaka sita, na yeye aliniita Deo wangu, hata mbele ya wanafunzi, hata siku niliyovaa joho.

Basi mwaka huu wakaja wachumi watatu kutoka Dodoma, wanapita wilaya kwa wilaya kukusanya maoni kuhusu butura. Butura, kwa msiotoka Kagera, ni kuuza kahawa ikingali maua mtini: una shida leo, mtu anakupa kidogo leo, na kahawa ikiiva anakuja kuvuna yeye, wewe unatazama. Imekatazwa siku nyingi lakini inafanyika kimyakimya, na wageni walitaka kujua kama kanuni ikazwe zaidi, adhabu imguse hata mkulima aliyeuza, au itafutwe dawa nyingine. Nikaombwa niandae mkutano katika kata yetu, asubuhi wakutane wenye elimu ya uchumi (tulikuwa watatu tu, mimi, mhasibu mmoja mstaafu na mama wa duka la pembejeo), halafu mchana waje wakulima.

Kwetu tangazo lisiposomwa kanisani baada ya misa ni kama halijatangazwa. Nikaliandika kwa mkono wangu: "Wachumi wote wafike Jumanne saa mbili asubuhi, ukumbi wa kata. Chai na chakula vipo. Wakulima watafika saa nane mchana." Nikampa Leonidas, katekista wetu, akalisoma moyoni, akakuna shavu.

"Mwalimu, hili neno wachumi, watu watalielewa? Si tuseme wataalamu wa uchumi?"

"Katekista, tusiwashushe watu. Soma kama nilivyoandika."

Jamani, lile "soma kama nilivyoandika" ndilo lililonifikisha hapa. Ulikuwa mwezi wa saba, kahawa imeiva imekuwa nyekundu, kila mwenye shamba kubwa anatafuta watu wa kuchuma, na hapo anasimama katekista madhabahuni na kutangaza kwamba wachumi wote wafike asubuhi, chai na chakula vipo. Niambieni ninyi, nani angewaza habari za Dodoma?

Jumanne nikavaa suti yangu ya harusi (ilikuwa inanibana kidogo tumboni, lakini mchumi havai shati la kitenge) nikafuatana na wageni hadi ukumbini. Barazani tukakuta kina mama wapata thelathini, vitenge wamevikaza viunoni, kila mmoja na kikapu chake, na wa mbele kabisa ni Shangazi Koleta.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, Deo wangu. Shamba riko wapi? Jua rinapanda." (Kwetu l na r hubadilishana nafasi zipendavyo, mtazoea.)

Nilielewa palepale. Na palepale ningeweza kuokoka, ningesema tu, mama zangu nisameheni, nimekosea neno, rudini mkawahi mashamba ya watu. Lakini kiongozi wa wageni, mama mmoja mwenye udaktari wa uchumi, akaniuliza hawa ni nani, nami kwa kuona haya nikamwambia ni wawakilishi wa wakulima, wamewahi kwa hamu. Halafu nikamgeukia shangazi nikamnong'oneza, "Ingieni kwanza, kazi baadaye." Kazi ipi? Wakaingia, wakaketi viti vya mbele, vikapu magotini, wakisubiri kuonyeshwa shamba.

Wageni wakaanza. Mmoja mwembamba mwenye miwani alisema sheria isiyouma haiogopwi, adhabu iongezwe. Wa pili akasema soko lina akili yake, mtu aachwe auze mali yake siku atakayo. Yule Daktari akasema hakuna anayeuza maua kwa kupenda, kabla ya kumfungia mkulima mlango huu tumfungulie mwingine, apate mkopo mdogo wa haki wakati kahawa bado changa. Walipingana kwa adabu, kila mmoja akianza na "nakubaliana na wewe kwa sehemu," maana yake hakubaliani hata kidogo. Nilikuwa nimekolea kwa raha kama niliyerudi chuoni, nikasahau kabisa vikapu.

"Na mchumi wa hapa anasemaje?" akauliza yule wa miwani.

Mchumi wa hapa! Nilisimama haraka mpaka kifungo cha koti kikaruka. Nikasema kwamba mambo mengine yote yakibaki vilevile, mkulima anayeuza butura ni mtu asiye na mipango, kinachomsumbua ni uvivu na pombe, mtu mwenye akili timamu hawezi kuuza maua, kwa hiyo adhabu imguse yeye kwanza kabla ya mnunuzi. Yule wa miwani akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Nilimwona anaandika, nikafurahi.

Shangazi akanyoosha mkono.

"Mwarimu," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo maishani. "Mimi nimesikia kanisani wachumi wanatakiwa. Mimi nachuma tangu mdogo, vidole vimepinda, nikajua naitwa mimi." Ukumbi ukacheka, wageni wakacheka, mimi nikacheka pia, kicheko cha meno tu. Akangoja watu watulie. "Sasa nimekusikiriza vizuri, nina swari dogo. Mwaka ure barua yako ya kidato cha tano imekuja, kahawa irikuwa maua. Shure ingengoja iive?"

Hakuna aliyecheka tena.

"Nikauza miti yote ya nyuma ya jiko. Na pombe sinywi, wewe mwenyewe shahidi. Mwaka huu nimeuza tena, sababu ya Adventina, mjukuu wangu, kaingia kidato cha kwanza. Hiyo adhabu yako, nimfuate mtendaji mwenyewe, au atakuja nyumbani?"

Mtendaji wa kata alikuwa ameketi pale pale mlangoni, akaanza kuchunguza dari. Na mimi, ndugu zangu, mimi niliyeambiwa miaka yote kwamba ile ada ilikuwa akiba aliyoacha baba, nikaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi, nilipaswa kushuka pale mbele nikapige magoti. Badala yake mdomo ukatoa maneno ya mkutanoni:

"Hoja yako imepokelewa."

"Asante, Mwarimu," akasema. Akachukua kikapu chake akatoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Ilikuwa saa nne imepita, mashamba yalishapata watu wengine, wakarudi nyumbani vikapu vitupu, na chai hakuna aliyeigusa.

Nilimwomba yule wa miwani ayafute maoni yangu. Akasema maoni yakishaandikwa hayafutwi, huongezwa mengine chini yake, basi nikaongeza kwamba nimesema nisiyoyajua. Daktari aliyasoma, akanishika bega. Mtendaji naye, Mungu ambariki, alitangaza kwamba siku ile masikio yake yalikuwa yamejaa nta. Kanuni yenyewe bado inajadiliwa huko juu, na kila redio ikitaja kahawa nashtuka.

Jumamosi nilikwenda kwake bila suti. Akanipokea vizuri, akanipa ndizi na maharage, akanipa na kikapu tukachume wote. Tulichuma mpaka alasiri. Nikafika kwenye miti ya nyuma ya jiko, imezaa mpaka matawi yanagusa chini, nikanyoosha mkono.

"Hiyo acha," akasema. "Hiyo si yetu."

Nikaweka kikapu chini nikaomba msamaha, nikalia mzee mzima. Akasema ameshasamehe siku nyingi, nifute kamasi, nimalize mstari wangu kabla jua halijazama.

Mjini sasa naitwa Mambo Mengine, watu wananiuliza kama yamebaki vilevile, nami nimezoea. Nimeapa nisiandike tena tangazo bila kumuuliza atakayelisoma na atakayelisikia, na mtu yeyote simwiti mvivu kabla sijajua alikuwa anamlipia nani. Mkiniuliza kazi yangu nawaambia mimi ni mwalimu, inatosha. Kila Jumamosi nakwenda kuchuma, nafika mapema, napiga hodi, nasikiliza atakavyoitikia, labda leo atasema Deo wangu.

"Karibu, Mwarimu," anasema.