Nani Alisimama Nyuma ya Gari Asubuhi Ile?

Admin, naomba unifichie jina. Wafuasi wa ukurasa huu, nawasalimu nyote. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, Mtanzania, kwetu ni Tabora. Shule niliishia darasa la tano, nikikosea kuandika mnivumilie. Huu ni mwaka wa tisa niko Bujumbura. Nilianza kwa kubeba magunia ya mpunga Buterere, baadaye patroni, yaani bosi wangu mwenye ghala, akanifundisha kuendesha pikapu yake ya zamani, na mpaka leo ndiyo ninayopelekea mchele sokoni Mutakura.

Nilikuwa na mke hapa. Tulipanga chumba karibu na mashamba ya mpunga. Kila asubuhi kabla sijatoka alisimama nyuma ya gari, mtoto mgongoni. Mimi nakanyaga breki, yeye anapaza sauti, "Zinawaka zote!" Dereva akiwa peke yake hawezi kuziona taa za breki za gari lake. Mguu uko huku, taa ziko kule. Hiyo ilikuwa kazi yake, na akimaliza anapiga bodi kwa kiganja mara mbili, naondoka.

Mwaka juzi maji yaliingia chumbani mara mbili katika msimu mmoja, mtoto akaugua. Mke wangu akasema hawezi kulea mtoto ndani ya maji, akarudi Tabora. Niliahidi kumfuata baada ya mavuno. Sikumfuata. Sababu nzuri ya kuwaambia sina.

Tangu hapo, alfajiri kukiwa bado na giza, narudisha gari nyuma mpaka kwenye ukuta wa ghala, nakanyaga breki na kutazama kwenye kioo kama ukuta una wekundu pande zote mbili. Jumatatu hii tulichelewa kupakia, jua likawa limeshatoka, na juani ukuta hauonyeshi kitu. Nikakanyaga breki kwa mazoea tu, nikakaa kidogo kama mtu anayesubiri kuitikiwa, nikaondoka.

Kabla sijafika Mutakura polisi akanisimamisha, akazunguka nyuma.

"Shoferi, kanyaga breki."

"Nimekanyaga, afande."

"Kanyaga kama mutu amekula! Ya kushoto imekufa."

Nikashuka kuangalia, nikakuta waya umechomoka. Nadhani ulivutwa na kamba ya magunia, maana Jumapili jioni nilipoegesha ukutani, taa zote zilikuwa zinawaka. Nikamwambia imeharibikia njiani. Akanijibu kwamba hajawahi kukutana na shoferi ambaye gari lake liliharibikia nyumbani. Akaandika karatasi ya adhabu ya pesa nisizokuwa nazo, akaondoka na leseni yangu mpaka nilipe.

Roho iliniuma, nikaenda kulalamika kwa mkubwa wake. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akauliza, "Asubuhi nani aliiona inawaka?"

Neno likanitoka kabla sijalifikiria. "Mke wangu, afande. Anasimama nyuma kila siku."

"Basi Ijumaa mulete aseme mwenyewe. Nikimuamini, karatasi naichana."

Nilitoka pale nikaenda kwa patroni. Patroni naye hakunipa nafasi. Alisema gari lake haliwezi kulala, na kama Ijumaa sijapata leseni, Jumamosi ufunguo anampa mwingine. Nikikosa gari narudi kwenye magunia, na mgongo wangu wa sasa siyo ule wa miaka tisa iliyopita.

Pale ghalani kuna mama mmoja mjane anauza chai na maandazi. Aliniona nimekaa sili, akaniuliza mpaka nikamweleza. Akacheka.

"We Mutanzania, ni hiyo tu? Mi nitaenda. Nitavaa kitenge changu cha sikukuu, niseme nilisimama nyuma na nikaona kwa macho yangu."

"Mama, wewe ni mtu wa swala tano. Utasema uongo mbele ya serikali?"

"Uongo ni wako, mi naubeba tu." Kisha akaacha kucheka. "Lakini nikishakuwa bibi yako kule kwa polisi, tukirudi hapa utaniita tena mama wa chai?"

Nikachukua andazi moja, nikala. Mimi simtaki kwa ubaya, na yeye siyo mtu wa kuchezewa. Ni miaka miwili hakuna mtu aliyeniuliza kwa nini sili.

Jana nilimpigia mke wangu simu. Nilidhani labda atakubali kuongea na yule mkubwa kwa simu, aseme alisimama nyuma. Nikamweleza yote.

"Kwani bado unakanyaga breki ukinisubiri?" akauliza.

Nikasikia mtoto wangu anauliza, "Mama, ni nani?" Mama yake akamjibu, "Ni mtu wa Bujumbura." Akaniaga kwa upole, akakata.

Leo ni Jumatano. Waya nimeshaurudisha, taa inawaka. Mama wa chai amenionyesha kitenge, kipo tayari kimepigwa pasi. Nikienda naye, labda nitapata leseni, lakini nitakuwa nimemweka kwenye nafasi ya mke wangu, mbele ya watu, na sijui tutarudije kama tulivyokuwa. Nikienda peke yangu kusema ukweli, gari linaondoka.

Ndugu zangu, mnaonisoma mkiwa majumbani mwenu na watu wenu, nielekezeni, nifanye nini? Uongo wenyewe naweza kuukiri, hata kwa aibu. Kinachonishinda ni kusimama mbele ya yule mkubwa na kumwambia kwamba asubuhi ile nyuma ya gari hakukuwa na mtu, na kwamba ni mwaka wa pili sasa hakuna mtu. Hilo sijawahi kulisema kwa mdomo wangu. Linaanzwaje?