Kikwembe mbele ya kamera

Siku ya tano, mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha toka asubuhi, ikaacha saa sita, kisha jua likatoka lenye halikaushi kitu. Njia yetu hapa Kampemba ilikuwa matope tupu. Nilirudi toka ku biro ya kazi na viatu mukononi.

Naandika leo kwa sababu patro, mwenye malori tunayoendesha, aliniuliza neno na sikuweza kulijibu. Labda nikiliandika litaonekana vizuri. Labda hapana. Shule yangu iliishia njiani, na kuandika kunanifanya nijione mwerevu kuliko vile niko.

Ilianza siku ya pili ya huu mwezi. Nilikuwa narudi toka Kolwezi, naendesha lori bila muzigo. Ile wiki balikuwa banafukuza bachimbaji ku kilima cha Kambove. Bachimbaji balikataa, nyumba zikachomwa, na motokari za abiria zikasimama zote, hakuna aliyetaka kupita. Pale njia ya Kambove inakutana na barabara kubwa, bamama benye kukimbia balikuwa banakaa chini na vyombo vyao. Nilipopunguza mwendo, mama moja alisimama akanipa mugongo. Nilimutambua kwa ule mugongo. Alikuwa mama mukwe wangu.

Kwetu, mwanaume na mama ya bibi yake hawaangaliane, hawakae karibu, hawale pamoja. Ni heshima, tunaiita buko. Kuna siku inakuja, mama mukwe anamupikia muko wake, ule mume wa binti yake, kuku, anamuletea yeye mwenyewe, na ile siku njo inafungua mambo: toka pale banaangaliana, banakula pamoja. Sisi hatukuwa tumeifanya bado. Kila mwaka kulikuwa na sababu.

Nilishuka, nikasimama nyuma ya gurudumu, nikaongea na gurudumu.

"Mama apande. Mbele."

"Nitapanda nyuma, ku chuma," akajibu, akiangalia pori.

Nyuma hakuna ukuta, na mvua ilikuwa inaanza. Bantu banaanguka pale. Nikasema hapana. Basi alifungua kikwembe kimoja, kitambaa cha maua, toka ku muzigo wake, akaninyoshea ncha yake bila kugeuka. Nilifunga ncha moja juu ya kioo cha mbele, ingine nyuma ya kiti, tukakaa kila muntu na upande wake.

Kamera iko pale katikati, juu ya kioo. Inaangalia shofere: kama anasinzia, kama anashika simu, kama amefunga mukaba, kama kuko muntu mwenye hatakiwi. Kikwembe kiliifunika yote. Niliona. Sitasema sikuona.

Tukaenda. Mbele ya kufika Likasi, sauti ikatoka ngambo ya kitambaa.

"Ee lori, uambie mwenye kukuendesha asikimbie. Hatukuiba kitu."

"Lori," nikajibu, "uambie mama tunaenda polepole. Barabara njo inapiga kelele."

"Lori, uambie yeye: mukaba huu unaninyonga."

"Lori, uambie mama auvumilie, ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya kamera."

"Iko wapi hiyo kamera?"

Ilikuwa nyuma ya maua ya kikwembe chake.

Nilimushusha ku nyumba yangu, nikapeleka lori ku parkingi. Kesho yake bashofere balikuwa banajua yote, maana bale benye kuangalia kamera hawafichi kitu. Ku mulango wa parkingi balinipokea kwa kupiga makofi.

"Shofere ya mapazia anafika!"

"Kaka, utatushonea na sisi? Bibi yangu anataka ya rangi ya bluu."

Nilicheka pamoja nabo. Ningefanya sawasawa kama ingekuwa mwengine.

Patro aliniita leo. Ni muntu wa Butembo, shemasi ku kanisa lake. Toka vita ya kule kwabo ilipopamba moto, nyumba yake imejaa bandugu mpaka ku baraza. Ninasema hivi ili isionekane ni muntu mubaya. Na kamera, nayo, haikuja bure. Mwaka uliopita mwenzetu alisinzia ku usukani. Alikuwa amebeba bamama ba soko, kwa huruma tu. Alikufa pamoja nabo. Nilimubeba ku mabega ku mazishi. Kwa hiyo mimi siwezi kusema ile sheria ni ya bazungu benye muzigo tu.

Shefu wa sekirite, mwenye kuangalia hizo kamera, aliweka picha ku mashini. Ilionyesha maua, maua, maua, mpaka Lubumbashi. Lakini kamera inasikia pia. Tukasikia lori linatumwa huku na huku. Patro alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akaacha kucheka.

"Kwetu mama mukwe unamukumbatia," alisema. "Unamubebea na muzigo. We unamuwekea pazia?"

"Si yeye nilificha, patro. Ni macho yangu."

"Na abiria? Kitambaa hakikuficha abiria pia?"

"Kilificha."

"Basi nijibu kama muntu muzima. Ulikifunga juu ya heshima, ao juu ya kuficha kosa?"

Njo hilo neno. Kama nasema heshima, ni kweli. Lakini nilipoona kamera imefunikwa, moyo wangu ulitulia kidogo, na ile kutulia haikuwa heshima. Nilimwambia hivyo. Shefu wa sekirite alitikisa kichwa kama muntu anaona mwenzake anajichimbia shimo.

Halafu patro akakata maneno. Kwa kubeba abiria, mwezi moja nyumbani, bila lori. Sikubisha, hata mimi ningeamua vile. Kwa kufunika kamera, benye muzigo banasema shofere atoke kabisa. "Lakini naweza kukuombea," alisema, "kama unanipa neno lako mbele ya Mungu kwamba haitarudia. Unanipa?"

Nilifikiri ile njia, na mvua, na mama anasimama na mugongo.

"Siwezi, patro. Nikimukuta pale tena, nitafunga tena."

"We muntu!" Alipiga meza. "Jumatatu uniletee jibu lingine. Ao ulete funguo za lori."

Nilifika nyumbani, nikamuelezea bibi yangu yote pale inje, ku jiko. Mama yake alikuwa mu chumba, mulango wazi kidogo. Sikusema kwa sauti ya chini. Sijui kama nilifanya makusudi.

Hakutoka. Alimuita bintiye, bakasemezana, bibi yangu akaenda ku soko akarudi na kuku. Nikamusikia anasema, "Mama, bila shangazi? Bila bazee?"

"Shangazi yako iko wapi? Anakimbia na sufuria ku kichwa. Lete chumvi."

Mama mukwe alipika yeye mwenyewe. Alikuja na sahani, akapiga magoti mbele yangu, akanipa kipande cha kwanza na mukono wake, akaketi. Mimi niliangalia sahani.

"Inua uso, muko wangu," alisema. "Unaogopa nini? Kamera yenu iko na jicho moja. Mimi niko na mawili, na yameshakuona toka zamani."

Niliinua. Ana alama ya kuungua karibu na sikio. Miaka yote hii sikuijua.

Buko imefunguka, pazia halitakiwi tena: sasa naweza kumupa patro neno lake, na halitakuwa uongo. Lakini jambo la ukoo limefanywa haraka, kwa sababu ya lori, na bale benye lilibapasa hawakuwepo. Nilimuuliza bibi yangu kama ni sawa. Alisema nile, chakula kinapoa.

Tulikula bukari, ule ugali wetu, na ule kuku, na majani ya maboga yenye karanga. Sisi bote ku meza moja.